Safari imefutwa kwa sababu ya maradhi: nani anadaiwa, na serikali inasaidia wapi?

Swali. Nina ofisi ndogo ya tiketi na safari za Umra hapa Arua, tuko watu wanne. Uwanja wa Entebbe ulipofungwa mwaka 2020 nilikuwa na wateja waliokwisha kulipa. Wengine walipewa vocha, wengine wakarudishiwa sehemu tu, na mzee mmoja wa Hija ananidai hadi leo. Ebola ilipozuka watu wakafuta safari tena. Nasikia Australia na New Zealand serikali ziliwalipa mawakala. Hapa Uganda kuna msaada gani kwa wakala na kwa mteja? Na likitokea jingine nifanye nini? – Msomaji, Arua

Jibu. Dada, msaada wa Uganda wakati wa korona ulikuwa wa mikopo na wa kuahirisha malipo. Haukuwa fedha ya kumrudishia msafiri nauli yake, wala hatuna mfuko wa dhamana ambao abiria angeweza kuuendea wakala akishindwa. Kwa hiyo deni la mteja wako lilibaki kati ya watu waliopokea fedha zake, na kazi yako ya kwanza ni kujua fedha hizo zilisimama mikononi mwa nani. Ukilijua hilo, utajua pia ni msaada gani unakufaa na upi haukuhusu.

Fuata shilingi yenyewe. Ofisi nyingi ndogo za mikoani hazina idhini ya IATA, shirikisho la kimataifa la mashirika ya ndege. Mteja anakulipa wewe, wewe unamlipa wakala mkubwa wa Kampala mwenye idhini, naye analipa mashirika ya ndege kupitia BSP, mfumo wa pamoja wa kukusanya malipo ya tiketi. Fedha inaporudi hupita njia ileile kinyumenyume, na katika kila kituo ina sababu ya kukwama. Mwaka 2020 mashirika mengi yalifunga kitufe cha marejesho kwenye mifumo ya kukatia tiketi, hivyo wakala hakuweza kurudisha nauli mwenyewe. Ilibidi aandike ombi la marejesho kwenye BSPlink, tovuti ya mfumo huo wa BSP, tiketi moja moja, kisha asubiri shirika liidhinishe. Ombi lililokosewa kiasi au sababu lilikataliwa na kurudi nyuma ya foleni. Hata lilipoidhinishwa, fedha iliingia kwa wakala mkubwa kama punguzo kwenye hesabu yake na BSP. Hapo ndipo ofisi ndogo nyingi zilipoumia: kama ulikuwa na deni lako kwa wakala huyo, aliweza kulikata humo humo, nawe ukabaki na mteja asiyejua lolote kuhusu madeni yenu.

Basi omba kwa maandishi vitu viwili kwa kila tiketi ya zamani: namba ya tiketi yenye tarakimu 13, na hali yake ya sasa kwenye mfumo. Hali itakuonyesha kama tiketi bado iko wazi, imebadilishwa, au imesharudishwa fedha. Ikisoma kwamba imerudishwa na wewe hujapata kitu, usihangaike na shirika la ndege. Fedha iko Kampala.

Sasa tofauti inayoamua karibu kila kesi. Kuna safari iliyofutwa na shirika au na amri ya serikali, na kuna safari iliyofutwa na abiria mwenyewe. Entebbe ilifungwa kwa ndege za abiria mwishoni mwa Machi 2020, ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 2020. Aliyekuwa na tiketi ya katikati ya kipindi hicho hakufuta yeye, na hata tiketi isiyorudishika fedha kwa kawaida hurudishwa nzima shirika lenyewe linaposhindwa kuruka. Ebola ya 2022 ilikuwa jambo jingine. Ilitangazwa tarehe 20 Septemba 2022 Mubende, ikatangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, na muda wote huo Entebbe ilikuwa wazi na ndege zikiruka. Mlipuko wa 2025, uliotangazwa tarehe 30 Januari na kwisha tarehe 26 Aprili, ulikuwa hivyo hivyo. Mteja aliyeogopa na kubaki nyumbani, hofu yake ni ya haki kabisa, lakini mbele ya masharti ya tiketi amefuta kwa hiari. Anapata kile ambacho masharti yanaruhusu: kubadilisha tarehe kwa kulipa faini, au kurudishiwa kodi za uwanja peke yake.

Nasema kodi za uwanja kwa sababu watu huzisahau. Tuseme tiketi ya Entebbe–Jeddah ni dola 620: nauli ya msingi 400, ada ya mafuta ya shirika 50, kodi na ada za viwanja 140, na ada yako ya huduma 30. Abiria akifuta kwa hiari tiketi isiyorudishika, nauli 400 hupotea na ada ya mafuta mara nyingi hupotea nayo, lakini kodi za viwanja ambavyo hakuvitumia kwa kawaida zinadaiwa. Hizo ni dola zaidi ya 100 ambazo mawakala wengi hawaziombi kwa sababu ombi lina kazi. Tena bukingi lazima ifutwe kabla ndege haijaondoka. Mteja akikupigia kesho yake kusema hakusafiri, mfumo umeshamwandika kuwa hakutokea, na mashirika mengi humtoza faini ya ziada au kuifuta thamani yote iliyobaki. Mlipuko ukitangazwa, piga simu kwa kila mwenye safari ndani ya siku 30 usiku huo huo, usingoje wao wapige.

Kwa safari za Umra na Hija wewe si wakala wa tiketi tu. Umeuza safari nzima kwa jina lako: ndege, viza, hoteli, basi. Mteja hana mkataba na hoteli ya Makka, ana mkataba na wewe, kwa hiyo anakudai wewe hata kama hoteli imekataa kukurudishia. Saudi Arabia ilisimamisha Umra kwa wageni tarehe 27 Februari 2020, na Hija ya 2020 na ya 2021 haikupokea mahujaji kutoka nje ya nchi hiyo. Ilipofunguliwa 2022 kwa watu milioni 1, sharti lilikuwa umri chini ya miaka 65. Huenda mzee wako ni mmoja wa waliokwama hapo: kumwambia “fedha yako ipo, utakwenda mwaka ujao” lilikuwa jibu jema mwaka 2020, lakini mwaka 2022 halikuwa na maana tena kwa mwenye miaka 66. Kuahirisha kunakubalika pale tu ambapo safari inayoahirishwa bado inawezekana kwa mtu yuleyule.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mikataba ya 2010, kifungu cha 66 kwa namba za mwaka huo, inasema mkataba ukishindikana kutekelezwa bila upande mmoja kuwa umejitwika hatari hiyo, pande zote zinafunguliwa. Fedha iliyokwisha kulipwa inaweza kudaiwa irudi, na ambayo haijalipwa haidaiwi tena. Lakini mahakama ikiona ni haki inaweza kumruhusu aliyegharamika kabla ya mkataba kuanguka abaki na sehemu au gharama yote. Hiyo ndiyo njia halali ya kukata kitu kwa mzee wako, na ina sharti moja: risiti. Ada ya viza iliyolipwa kwa jina lake na stakabadhi ya malipo ya awali ya hoteli vinaweza kukatwa. “Gharama za ofisi asilimia 25” bila karatasi yoyote, hakimu hataipokea, wala hafai kuipokea.

Sheria hiyohiyo inataka mkataba unaozidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo kizingiti ni shilingi 500,000. Karibu hakuna tiketi ya nje ya nchi iliyo chini ya hapo. Mkataba wa mdomo wa Umra ya mamilioni unakuacha wewe na mteja bila pa kushika.

Mteja mwenye dai lisilozidi shilingi milioni 10 anaweza kutumia utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, bila wakili. Anaanza kwa barua ya madai inayokupa siku 14. Usiipuuze barua hiyo. Ndani ya siku hizo mnaweza kuandikiana mpango wa kulipa kwa awamu, na hakimu ataupendelea kuliko hukumu utakayoshindwa kuitimiza. Ujue pia kwamba dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, unaohesabiwa tangu siku haki ya kudai ilipoanza, si tangu siku ya kulipa. Na ukimwandikia mdai wako kukiri deni, au ukilipa sehemu yake, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo kabla hujasema deni la mzee limepitwa na wakati, angalia ulimlipa mara ya mwisho lini na ulimwandikia nini. Kwa maoni yangu, hata kama muda umepita, amana ya Hija ya mzee ni fedha ya kurudisha. Soko la Arua linajuana.

Sasa serikali. Mwaka 2020 hatua zilizogusa ofisi kama yako zilikuwa hizi. Benki Kuu ya Uganda, kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya waliokwama bila kuwahesabu moja kwa moja kuwa wadaiwa wabovu. Ruhusa hiyo iliongezwa hadi Septemba 2021, na sekta za elimu na ukarimu zikaongezewa mwaka mmoja zaidi. URA, mamlaka ya mapato, iliahirisha kodi ya mishahara ya Aprili hadi Juni 2020 kwa sekta zilizopigwa sana, utalii ukiwemo, ilipwe Septemba. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliwaruhusu waajiri waliobanwa kupanga upya michango ya miezi mitatu bila faini. Zingatia kwamba yote hayo ni kuahirisha. Septemba ilipofika, Entebbe ilikuwa bado imefungwa na kodi ilikuwa imeiva, na wakala asiyeuza tiketi hata moja tangu Machi alidaiwa kodi juu ya mishahara ambayo alijitahidi kuwalipa wafanyakazi wake.

Kisha mikopo. Benki ya Maendeleo ya Uganda, UDB, iliongezewa mtaji na utalii ukawa miongoni mwa sekta zake za kipaumbele. Mwaka 2021 ukaja mfuko wa kufufua biashara ndogo, shilingi bilioni 200, nusu ya serikali na nusu ya mabenki yenyewe, ukisimamiwa na Benki Kuu, riba asilimia 10 kwa mwaka. Riba hiyo ilikuwa nafuu sana ukilinganisha na ya kawaida ya mabenki yetu. Lakini sharti lilikuwa biashara yenye wafanyakazi 5 hadi 49. Ninyi mko wanne. Ofisi nyingi za tiketi zina watu watatu au wanne, zikaachwa nje kwa mtu mmoja. Nyingine zilizofika tano zilikwama kwenye dhamana na vitabu vya hesabu, kwa sababu nusu ya fedha ilikuwa ya benki na benki ilipima mkopo kwa macho yake ya kila siku. Uchukuaji wa mfuko ule ulikuwa mdogo, na sababu haikuwa ukosefu wa shida.

Mpango wa Emyooga, wa serikali wa kuwapa mtaji watu wa kazi moja walio katika vikundi, nao una makundi 18, kuanzia waendesha bodaboda hadi mafundi seremala, na mawakala wa safari hawamo. Kwa mwanamke kama wewe mlango ulio karibu zaidi ni mradi wa GROW wa wanawake wajasiriamali, ambao mikopo yake hupitia mabenki kwa riba ya asilimia 10. Sema wazi kwenye ombi kwamba ni mtaji wa kuendeshea ofisi. Kukopa ili urudishe fedha za wateja ni kuhamisha deni lisilo na riba kuliweka kwenye riba, na afisa wa mikopo akiliona atakukatalia kwa haki. Kama huna ardhi ya kuweka rehani, sheria ya 2019 ya dhamana ya mali zinazohamishika inakuwezesha kuandikisha gari, hata fedha unazodai watu, kwenye daftari la URSB, ofisi ya usajili wa biashara. Madai yako kwa wakala wa Kampala, yakiwa na karatasi, ni mali.

Wenye kampuni za kutembeza watalii walikuwa na njia moja ya ziada. UWA, mamlaka ya wanyamapori, iliwaruhusu kusogeza mbele vibali vya kutazama sokwe wa milimani, vilivyokuwa dola 600 kwa mgeni kutoka nje na 700 kuanzia Julai 2020, badala ya kuvipoteza. Hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, ingawa mgeni aliyetaka fedha taslimu hakuipata kwa njia hiyo. Wageni hao wakilipa kwa kadi, kumbuka wanaweza kuyapinga malipo kupitia benki zao, kwa kawaida ndani ya siku 120 tangu tarehe ambayo huduma ilipaswa kutolewa, na benki itaichukua fedha kwenye akaunti yako kwanza kisha ndiyo mjadiliane.

Ulichosikia kuhusu Australia na New Zealand ni kweli. Australia ilitangaza dola zake milioni 128 Desemba 2020, ikaongeza milioni 130 mwaka uliofuata. Wakala alilipwa kwa mkupuo kati ya dola 1,500 na 100,000 kulingana na mauzo yake ya mwaka kabla ya korona, ili aendelee kufungua ofisi na kufuatilia fedha za wateja. New Zealand ilifanya jambo ambalo kwangu mimi ni bora zaidi. Ilimlipa wakala asilimia 7.5 ya kila fedha taslimu aliyofanikiwa kumrudishia mteja, na asilimia 5 ya vocha aliyoigeuza kuwa safari mpya. Kwa tiketi ya dola 600, wakala anapata dola 45 fedha ikirudi mkononi mwa mteja. Kanada ilipoikopesha Air Canada Aprili 2021, ilitenga hadi dola zake bilioni 1.4 za kuwarudishia abiria, na ikaweka sharti kwamba kamisheni za mawakala zisirudishwe nyuma. Uingereza nayo ilisimama nyuma ya hati za ahadi za marejesho zilizotolewa na kampuni za safari chini ya mpango wa ATOL wa kulinda fedha za wasafiri wa ndege, hivyo kampuni ikifilisika, hati haifi nayo.

Ukiviweka pamoja utaona shida hasa wanayoitibu. Kumrudishia mteja fedha ni kazi ya saa nyingi ambayo hakuna anayeilipa, na mara nyingi wakala hupoteza hata kamisheni aliyoipata mwanzo. Asiyelipwa kwa kazi hiyo ataikimbia. Ndiyo maana chama cha mawakala, TUGATA, na cha wenye kampuni za utalii, AUTO, wangefanya vema kudai mfano wa New Zealand kuliko mfuko mwingine wa mikopo. Gharama yake ni ndogo kwa hazina, hulipwa baada ya kazi kuonekana, na mteja wa Arua ananufaika moja kwa moja. Na usajili wako ukiwa mbichi, leseni ya Bodi ya Utalii hujaifuata na kodi hujaiwasilisha, hutaonekana kwenye orodha ya yeyote siku msaada huo ukija. Australia ililipa kwa kuangalia mauzo yaliyowasilishwa kodini, na asiyeyawasilisha hakuwa na mauzo.

Kwa hiyo hesabu. Fungua akaunti ya pili, ya fedha za wateja peke yake, na usilipie kodi ya pango humo hata mara moja. Kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, toa ankara ya ada yako ya huduma kwa mstari wake, usiichanganye na nauli unayoipeleka kwa shirika. Ukitoa ankara ya dola 620 nzima kama mauzo yako, unajipandisha kuelekea kizingiti cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, cha shilingi milioni 150 kwa mwaka bila kuwa na faida yake. Ukimrudishia mteja, toa hati ya kupunguza ankara kwenye mfumo huohuo, la sivyo URA itaendelea kukuona umeuza. Mteja akitaka arudishiwe kwa simu, andikeni mapema nani anabeba ada ya kutuma na kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa fedha. Kwa shilingi milioni 2 kodi hiyo ni 10,000, na ugomvi mwingi huanzia kwenye kiasi kama hicho. Andikeni pia kiwango cha dola kitakachotumika, cha siku ya kulipa au cha siku ya kurudisha.

Kwenye mkataba weka vifungu vinne kwa lugha ambayo mteja anaisoma: wewe ni wakala au mwandaaji wa safari; gharama zipi hazirudi na kwa nini, kila moja na kiasi chake; vocha ikitolewa, ina muda gani na inaweza kuhamishiwa mtu mwingine au la; na fedha ikirudi kwako, utaikabidhi ndani ya siku ngapi. Siku 14 zinatosha. Bima ya safari itaje kwa jina kama inalipa kwa mlipuko wa maradhi, maana nyingi zinauondoa, na hata zinazoukubali hazilipi ukinunua baada ya mlipuko kutangazwa.

Kwa mzee wako, anza wiki hii. Tafuta risiti za 2020, toa gharama zenye karatasi tu, mwandikie kiasi kinachobaki na tarehe tatu za kukilipa, kila mmoja atie sahihi mbele ya shahidi wake. Nakala moja abaki nayo yeye.